Siku Mizani Ilipoingia Ndani

Sauti yake niliisikia kabla sijaliona paa la zahanati. Nilikuwa bado kwenye njia ya kati ya mashamba, begi kichwani, viatu mkononi kwa sababu ya tope, nikasikia mtu anasema, "Weka miguu yote miwili, mama, mizani si kizingiti." Nikadhani wana kipaza sauti. Nilipofika nikakuta hakuna kipaza sauti, wala umeme wa kukiwasha. Alikuwepo mwanamke mmoja mfupi, mnene, kitambaa cheupe kichwani, amesimama barazani kando ya mizani, na wajawazito kama ishirini wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu.

Watu walimwita Tarumbeta, na jina hilo alilivaa kama gauni jipya. "Mungu kaninyima urefu, kanipa sauti," alikuwa akisema. Mimi nilimwita Shangazi, kwa sababu wiki ile ya kwanza alinipikia, akanifulia shuka, akanionyesha njia ya mkato ya kwenda kisimani, na akaniambia ni nani nisimkopeshe sufuria. Kwenye karatasi alikuwa mhudumu: kufagia, kuchota maji, kuchemsha vifaa, kupima uzito. Kazi zisizoandikwa zilikuwa zote zilizobaki. Mtoto akilia wakati wa sindano alimbeba yeye. Mzee akisahau dawa zake barazani alimfuata nazo hadi kwake. Mimi nilikuwa muuguzi, nina cheti, na kwa mwaka mzima nilijifunza kazi kutoka kwa mtu mwenye ufagio.

Sasa, hiyo mizani. Chumba cha kliniki ya wajawazito kilikuwa kidogo, na sakafu yake imetitia upande wa dirishani. Ukiweka mizani pale, sindano inacheza, mtu mmoja anaongezewa kilo mbili, mwingine anaibiwa tatu. Mahali pekee palipokuwa sawasawa ni baraza. Kwa hiyo mizani ilikaa barazani tangu enzi za waliotutangulia, mimi nikikaa ndani na daftari, na Shangazi akisoma namba na kunirushia kupitia mlango. "Kilo hamsini na nane, miezi saba." Ninaandika. "Kilo sabini, miezi sita, huyu kapungua." Ninaandika. Kila Jumanne, kabla ya saa sita, tumemaliza wanawake thelathini. Nilijivunia kasi ile, tena sana. Nasema mapema ili mtu asije akadhani kosa lilikuwa la mmoja.

Kilichonikera ni daftari lenyewe. Mimba inatakiwa kuonwa ikiwa bado changa, miezi miwili, mitatu, ili tupime damu, presha, mkojo, tujue tunaanzia wapi. Wetu walikuja mwezi wa sita, wa saba, wengine wa nane, wamejifunga kanga tatu utadhani wametoroka na mtungi wa watu. Nami nina ulimi, siwezi kukataa. Nilikuwa nikimwuliza mtu mbele ya wenzake, "Miezi yote hii ulikuwa umeiweka wapi, kabatini?" Nacheka peke yangu. Wao wanatazama sakafu.

Tukichemsha vifaa jioni, Shangazi alinihesabia sababu. Mto ukijaa haupitiki. Palizi haimsubiri mtu. Mume anataka kuulizwa kwanza, na akiulizwa anasema atafikiri, na akifikiri mwezi umekwisha. Halafu wapo mama wakwe wanaosema, mimi nilizaa saba bila kadi, wewe una nini. Hapo ndipo alipopandwa na hasira kabisa. "Sista, ugonjwa wa kwanza wa mja mzito ni mama mkwe," aliniambia, akikoroga maji kwa koleo. "Asiyempeleka mkwewe kliniki apimwe akili."

Naye alikuwa mama mkwe. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, mfyatua matofali, na mke wa huyo kijana alikuwa fundi cherehani aliyeshonea chini ya upenu, karibu na mashine ya kusaga. Shangazi alimpenda binti yule kuliko alivyompenda mwanawe, na mwanawe alilijua hilo na kulilalamikia. Mkwe alikuwa mpole, maneno yake ya kuhesabu, mshono wake umenyooka. Miaka miwili kabla, aliposhika mimba ya kwanza, Shangazi alimleta mwenyewe kwenye mizani, amemshika mkono, na siku hiyo alipandisha sauti kidogo zaidi ya kawaida: "Kilo sitini na moja, miezi mitano, na huyo ni mjukuu wangu." Benchi zima likapiga makofi. Nami ndani niliandika huku natabasamu.

Mwezi wa sita mimba ilitoka. Kichwa kilimuuma siku tatu, mikono na uso vikavimba, na walipofika hospitali kubwa ya mjini ilikuwa kumwokoa yeye tu. Tangu hapo hakukanyaga kwetu. Hata chakula cha mchana cha mama mkwe wake alimpa mpita njia amfikishie. Shangazi alisema ni huzuni, muda utamponya. Mimi nami nilisema hivyohivyo, kwa sababu mtu mwenye cheti hapendi kukaa bila jibu.

Siku moja nilipeleka sare yangu ikaongezwe ubavuni, maana mapishi ya Shangazi hayakuwa ya mchezo. Mkwe alinisimamisha nyuma ya pazia lake la kupimia, utepe shingoni.

"Simama wima, Sista, usivute tumbo ndani. Nguo haidanganywi."

Aliinama kunipima kiuno, na nikauona ubavu wa gauni lake mwenyewe. Mshono ulikuwa mpya, na pembeni yake kulikuwa na mstari wa matundu ya sindano, mahali mshono wa zamani ulipokuwa. Kisha mstari mwingine ndani zaidi. Lilikuwa limefumuliwa na kupanuliwa mara mbili. Kweli, nguo haidanganywi.

"Miezi mingapi?" nikauliza kwa sauti ya chini.

Aliweka pini mdomoni. Kisha akaitoa.

"Minne na siku kadhaa."

"Mama anajua?"

"Mume wangu tu. Na sasa wewe."

"Basi njoo Jumanne. Wewe kwa yaliyokupata si wa kusubiri, unajua."

"Siji, Sista."

Nilitaka kumrushia ile ya kabatini. Nashukuru nilikuwa nusu uchi nyuma ya pazia lake, na mtu akiwa hivyo hana ujasiri wa kukaripia.

"Ile ya kwanza ilipotoka," akasema, "watu walikuwa wanajua mpaka kilo zangu. Nilipewa pole kisimani, nikapewa pole mashineni, nikapewa pole na watu nisiowajua. Muuza mafuta ya taa aliniuliza, eti zile kilo sitini na moja zimekwenda wapi. Hakuwa na ubaya, alidhani ananichangamsha." Akakunja utepe polepole. "Nilikaa ndani wiki tatu, na mama ndiye aliyenilisha kwa kijiko. Sasa nitamwambiaje mtu kama yule kwamba ninayoikimbia ni sauti yake? Na si mimi peke yangu. Wanawake wote hawa ninaowashonea wanasubiri mpaka tumbo lijitangaze lenyewe, kwa sababu mkija kwenu mnalitangaza ninyi. Ikiharibika, mtu anataka alie na watu wake wawili, watatu. Hataki kulia na kijiji."

Akanitaka niahidi kwamba sitamwambia Shangazi. Niliahidi, na ahadi ya namna hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kesho yake nilirudi na kipimo cha presha ndani ya kikapu, chini ya kitambaa, kama mwizi. Nikampima nyuma ya pazia lile. Ilikuwa juu. Si juu ya kutisha, lakini juu, na miezi bado mitano ya kwenda. Alihitaji vidonge, damu yake ipimwe, mkojo kila baada ya muda mfupi, na kadi ambayo hospitali kubwa wangeiamini siku wakimpokea. Hayo yote yalikuwa upande wa pili wa baraza letu. Nikatoka pale nikiwa na hofu ambayo sikuweza kumwambia mtu niliyezoea kumwambia kila kitu.

Nilijaribu njia za mkato. Nikamwambia Shangazi tuhamishe mizani ndani, jua la barazani linawachosha wajawazito. Akaniletea mkeka wa kuwakinga. Nikamwambia mvua. Akasema bati halivuji. Nikamwambia apunguze sauti, akacheka, akasema nikiishusha wewe huko ndani utaandika nini, utaandika ukimya? Miaka kumi na tisa alikuwa akirusha namba kupitia mlango ule, na hakuna aliyewahi kuikosa.

Jumanne iliyofuata akaja mwanamke wa miezi saba, hudhurio lake la kwanza. Shangazi akamsomea kilo, akasoma miezi, halafu akaongeza kwa benchi zima, "Mficha uchi hazai, jamani." Alikuwa na nia njema, kama siku zote. Lakini mimi nilikuwa sijalala vizuri siku nane, na kile kidogo nilichokuwa nacho cha subira kikaisha. Nikaweka kalamu, nikatoka nje.

"Shangazi, panda."

"Nipande wapi?"

"Kwenye mizani. Kila siku unapima watu, wewe nani anakupima?"

Akapanda, anatabasamu, akidhani ni utani. Nikainama nikasoma, na nikaipaza sauti yangu yote: "Kilo tisini na mbili. Miaka hamsini na saba. Magoti mabovu, na meno ya juu matatu hayapo."

Benchi likaangua kicheko. Hao wanawake waliokuwa wakitazama sakafu walicheka mpaka wakashikana mabega. Shangazi naye alicheka, kisha nikamwona anaacha. Akavuta kanga yake mbele, akaifunga upya, ingawa haikuwa imelegea. Akashuka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na mimi niliyemchoma nilikuwa nimefanya kilekile nilichotaka akome. Wanawake waliobaki aliwapima kwa sauti ndogo kiasi kwamba ilinibidi kuuliza kila mara, ngapi? Saa ya kufunga aliondoka bila kuniaga.

Alasiri nikaenda kwake kuomba radhi. Nilimkuta uani, ungo wa maharage magotini, anachambua.

"Shangazi, nimekukosea."

"Kaa," akasema. Nikakaa kwenye kinu kilicholazwa. Akachambua kidogo. "Sista, wao husikia hivyo? Siku zote?"

"Ndiyo. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika."

"Miaka kumi na tisa." Akatupa harage bovu. "Mimi nilidhani nawafurahisha. Nilidhani mtu akitajwa anajiona ana maana." Nikaiona hoja inamfikia, kama mtu anayesikia hatua mlangoni kwake. "Na mkwe wangu?"

Nilitazama maharage.

"Nilimshika mkono mwenyewe," akasema. "Nikamwambia dunia nzima, huyo ni mjukuu wangu." Na hapo Tarumbeta akalia, kilio kisicho na sauti kabisa, machozi yakidondokea kwenye ungo. Nilimshika mgongo. Nilimpenda sana mwanamke yule saa ile, nami nilijichukia kwa kiasi kilekile.

Kesho yake nilipofika kazini nilikuta mlango wa chumba cha kliniki umeng'olewa na mwanawe yuko ndani na mwiko, amepiga magoti, anajaza zege upande wa dirishani. Mama yake amemsimamia. Alipima usawa kwa bakuli la maji, akaliweka sakafuni, akalitazama kutoka kila upande. "Bado, ongeza pale," akasema. Kijana akaongeza bila neno, maana mama wa namna ile hahojiwi. Zege lilipokauka tukaingiza mizani. Sindano ikatulia kwenye sufuri.

Ukabaki mlango wenyewe, ambao haukuweza kurudi kwa sababu sakafu ilikuwa imepanda. Shangazi akachukua kamba, akapima urefu na upana wa uwazi ule, akaenda nayo hadi chini ya upenu wa mkwe wake. Nilikuwa nimekwenda kusagisha, nikayasikia.

"Mwanangu, nishonee pazia la mlango wa kliniki."

"La kitambaa gani, mama?"

"Kizito. Mtu akisimama nje asione hata kivuli." Akaweka ile kamba juu ya meza ya cherehani. "Na ndani tumekubaliana, namba haisemwi. Inaandikwa na kufutwa." Akaisogeza kamba karibu na mkono wa mkwe. "Basi," akasema, akaondoka.

Hakumwomba msamaha kwa maneno, na sidhani mkwe aliyahitaji. Nilimwona ameishika ile kamba kwa muda mrefu kabla hajakata kitambaa.

Jumanne. Shangazi alikuwa na kibao kidogo cha mwalimu na kipande cha chaki. Alikuwa amejizoeza nyumbani, kwa kuwa namba za kuandika hazikuwa rafiki zake. Nane yake ilikuwa vijiwe viwili vilivyogombana. Mlango ulikuwa bado wazi, wanawake wako benchini, pazia hakuna. Kisha mkwe akaja kutoka upande wa mashineni, kitambaa cha bluu kimekunjwa mkononi. Akawasalimia waliokaa, akaingia, akanisalimia, akamsalimia mama mkwe wake. Akapanda kwenye kiti, akalitundika pazia. Alikuwa amelishona kwa vitambaa viwili, cha nje na cha ndani, na chini ameweka uzito ili upepo usilipeperushe. Akashuka. Akalivuta kutoka upande mmoja hadi mwingine, mpaka likafunga, naye akiwa upande wa ndani.

Akavua ndala zake na kupanda kwenye mizani.

Shangazi alimtazama usoni, akamtazama tumboni, akafungua mdomo. Nilishika meza. Akaufunga mdomo. Akainama kusoma, akaandika kwenye kibao, chaki ikakatika, akaokota kipande, akamalizia, akanigeuzia: 63. Nikaandika. Akaifuta kwa upindo wa kanga yake, akarudia kuifuta mara ya pili pakiwa tayari pameshasafika. Kisha akasogea akamwambia mkwe jambo sikioni. Ni nini, sijui mpaka leo, na nimeacha kuuliza.

Kwa miezi ile Shangazi alibeba siri kama anavyobeba maji ya mtu mwingine. Kisimani aliulizwa kama hapati mjukuu, akasema kuna joto mwaka huu. Mkwe alikuja kila wiki, akameza vidonge, tukampima presha na mkojo. Wengine wakaanza kuingia nyuma ya pazia, mmoja mmoja, mwezi wa nne, wa tatu, na siku moja binti mmoja alikuja hana hakika kama kweli ana mimba. Si wote. Mto bado unajaa, na waume bado wanafikiri. Mimi nami ile ya kabatini nimeitupa, siku hizi anayechelewa namwuliza amefikaje na kama amekunywa chai.

Mwezi wa tisa ulipoanza presha ilipanda ghafla, mkojo ukaonyesha kile nilichokuwa nakiogopa, dalili ya kifafa cha mimba. Safari hii hatukungoja kichwa kiume siku tatu. Mchana uleule alikuwa ndani ya gari la wagonjwa, kadi mkononi, Shangazi pembeni yake amejikunja na kikapu. Hospitali kubwa waliisoma kadi ukurasa kwa ukurasa, wakamzalisha wiki tatu kabla ya siku zake. Msichana, mdogo, mwenye hasira. Mama mzima.

Wiki ya sita akaletwa kwetu kupimwa. Jumanne, benchi limejaa. Mizani ya watoto tumeitundika ndani, kwenye boriti, na Shangazi akamweka mjukuu wake kwenye mfuko kwa mikono miwili, akauachia, akasoma. Akachukua kibao. Akaandika.

"Mama," mkwe akasema, "sijasikia."

"Nimeandika, mwanangu. Tazama."

"Naona. Lakini sikuja kusoma."

Shangazi akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mkwe, na mkwe akaenda mlangoni akalivuta lile pazia lake mwenyewe, lote, mpaka ukutani. Wanawake wa benchini wakainua nyuso. Shangazi akajaribu, na kilichotoka kilikuwa mnong'ono uliokwaruza, maana sauti ile ilikuwa imekaa bila kazi miezi mingi.

"Hatujasikia huku," mmoja akasema kutoka nje.

Akakohoa. Akafuta macho kwa upindo wenye chaki, paji lote likawa jeupe. Kisha akajaza kifua.

"Kilo nne nukta moja! Na huyu ni mjukuu wangu!"

Mwenye mashine ya kusaga alizima injini, akatoka nje kuuliza kuna nini. Mimi nilikuwa mezani, na kwa mara ya kwanza tangu tusawazishe ile sakafu, niliandika namba kwa kuisikia.